Balozi na Mfuko wa Mwisho wa Beji

Duka la Balozi, fundi wa nguo, lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa kukunja, katikati ya duka la vioo na ofisi ya bima ambayo haikuwahi kufunguliwa kabla ya saa nne. Ndani mlikuwa na vyerehani viwili, kimoja cha kukanyaga kwa mguu na kingine cha umeme ambacho mwenyewe hakukiamini. Meza ya kukatia, pasi nzito, na benchi refu lililoegemezwa ukutani kwa ajili ya watu wasio na nguo ya kushona. Jina la Balozi hakupewa na serikali yoyote. Alipewa na benchi hilo.

Miaka ile benchi lilikuwa na kazi. Kila siku saa nne asubuhi gazeti moja lilisomwa pale kwa sauti, na walionunua walikuwa wakipokezana. Msomaji alikuwa Mwalimu, jirani wa mtaa wa pili, aliyefundisha zamu ya mchana na kwa hiyo asubuhi zake zilikuwa huru. Balozi hakuweza kusoma huku akishona, mikono na macho vyote vilikuwa kwenye nguo, lakini masikio yalikuwa yake. Alitaka waanzie na habari za nje. Za ndani, alisema, mtu anazipata bure akitoka mlangoni.

Kulikuwa na taratibu. Mwalimu hakukatizwa mpaka afike nukta. Mtu akikohoa makusudi, alitoka nje kumalizia kikohozi chake. Na baada ya kila habari, kabla ya yeyote kumwaga maoni, Balozi aliinua mguu kwenye kikanyagio, cherehani kikanyamaza, akauliza: "Nani ameona?" Kama habari ilikuwa ya bei ya mafuta, dereva aliyejaza tangi jana yake alisema kwanza. Kama ilikuwa ya mafuriko, alisema mwenye shangazi kule. Na kama hakuna aliyeona chochote, walisema "hatujui", Mwalimu akafungua ukurasa mwingine. Utaratibu huo Balozi aliutunga mwenyewe, siku ambayo watu wazima wawili walitaka kuvuana mashati kwa sababu ya vita vya nchi ambayo hakuna kati yao aliyeweza kuionyesha kwenye ramani.

Gazeti likishasomwa halikutupwa. Balozi alilikatia ruwaza. Mteja mpya alipimwa, vipimo vikahamishiwa kwenye karatasi, karatasi ikakatwa na kutundikwa msumarini na jina la mwenye mwili. Kwa hiyo ukuta wa nyuma ulikuwa historia ya dunia iliyokatwakatwa: mkono wa shati la karani wa posta ulikuwa na nusu ya manowari, na suruali ya baba mwenye nyumba ilikuwa na habari ya Wamarekani kuja kujenga kambi nje ya mji, iliyoanzia kiunoni na kukatikia gotini. Baba mwenye nyumba alishafariki. Ruwaza ilibaki, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia Balozi aitoe.

Kambi ndiyo iliyomlisha. Askari wa kigeni walibadilishana kwa zamu, na kila zamu iliyokuja ilikuja na beji zake za kushonwa mabegani na majina ya kushonwa vifuani. Karani wa stoo ya kambi, mwenyeji kama wao, alileta nguo kwa mifuko ya turubai. Miaka ya mwanzo mifuko ilikuwa minne kwa zamu moja, na Balozi alimkodi fundi wa pili. Baadaye ikawa miwili. Kisha mmoja, tena usiojaa. Yule fundi wa pili akaenda zake. Rili ya uzi wa kijani, ambayo zamani ilikwisha kwa wiki tatu, ikawa inakaa droo ya juu mwaka mzima na kushika vumbi.

Kufikia hapo gazeti lilikuwa limeacha kuja. Mchuuzi wake aligeukia kuuza vocha, na Mwalimu aliota mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Benchi bado lilikuwa na watu, ila kila mmoja ana hedifoni zake ndogo za kuchomeka masikioni. Huyu anacheka, yule ananuna, wa tatu anatikisa kichwa kwa jambo lililotokea ndani ya kichwa chake peke yake. Mtu angeweza kufa pale benchini na wenzake wakadhani anasikiliza mahubiri.

Aliyemwekea Balozi podikasti kwenye simu ni binti yake wa mwisho, mfuaji wa dobi ya kambi. Alimwonea huruma. Mama yao alikuwa amekufa, Mwalimu haoni, na mzee akawa anazungumza na pasi.

"Hii unabonyeza hapa, Baba. Inasema yenyewe."

"Na mimi nikitaka kuiuliza?"

"Huiulizi. Wewe unasikiliza tu."

"Basi hiyo ni redio."

"Si redio. Redio inasema inachotaka yenyewe. Hii unachagua wewe wa kukuambia."

Mwezi mmoja baadaye alikuwa na podikasti sita. Moja ilikuwa ya vijana wawili Waswahili waishio ughaibuni, waliocheka sana. Nyingine ya mwanamke aliyetaja kila mwanajeshi kwa cheo chake. Lakini aliyempenda kupita wote alikuwa profesa mmoja mzee mwenye kikohozi, aliyezungumza na mwanajeshi mstaafu kila Jumatano, kwa Kiingereza cha polepole ambacho Balozi, aliyejifunza lugha hiyo kwenye lebo za vitambaa na kamusi isiyo na jalada, alikifuata vizuri. Mada haikubadilika. Wamarekani wanapungua nguvu duniani au hawapungui? Meli zao zinaitwa nyumbani kwa nini? Rafiki zao wameanza kujitengenezea silaha wenyewe, je, ni hasira au ni hekima? Nchi fulani imewaambia wafungashe, nyingine imewaambia wakae lakini kimya kimya. Profesa alikuwa na msimamo wake: dola kubwa hupunguza watu, haiondoki. Askari wachache, mashine nyingi. Panapoonekana patupu ndipo penye mizizi.

Balozi alimnukuu kama mtu anavyomnukuu kaka yake mkubwa. "Profesa wangu anasema," alianza, na benchi likageuza macho. Karani alipoleta mfuko usiojaa, Balozi alimweleza karani maana yake. Karani alikuwa ametoka kule kambini asubuhi hiyo hiyo. Alisikiliza kwa adabu, akatia sahihi, akaondoka.

Jumatano moja, saa ya chakula cha mchana, binti yake aliingia na ovaroli ya kazi mwilini, akakaa kwenye kiti cha wateja badala ya benchini. Balozi akajua kuna jambo. Akatoa hedifoni ya sikio moja.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Mbona saa hizi?"

"Nimeomba ruhusa. Baba, hospitali kubwa wanataka mfuaji mzoefu. Msimamizi wa dobi yao nilisoma naye. Amenishikia nafasi mpaka Ijumaa, saa tisa."

"Mshahara?"

"Mdogo kuliko wa kambini. Ila ni wa kudumu, na watoto wanatibiwa bure." Alikuwa na watoto wawili, na mume mpaka rangi ambaye kazi yake ilitegemea nani anahama na nani anaoa. "Nikiondoka kambini kabla hawajanitoa, kiinua mgongo sipati. Nikibaki na wao wakaondoka, nafasi ya hospitali imekwenda. Sasa nakuuliza wewe, Baba, maana wewe ndiye unayefuatilia. Wanaondoka au hawaondoki?"

Balozi aliweka mkasi chini. Miaka mingi hakuna aliyemuuliza swali la namna hiyo akisubiri jibu. Alihisi mgongo ukinyooka wenyewe.

"Kwa nini unadhani wataondoka?"

"Mashuka yamepungua, Baba. Zamani mashine zote sita zilikuwa hazipoi. Sasa tunawasha mbili, na ya pili tunaiwasha ili msimamizi asituone tumekaa. Na blanketi za akiba wametuambia tufue zote, tuzikunje, tuzifunge kwa nailoni."

"Blanketi hufungwa."

"Kwa nailoni ya safari?"

"Mwanangu, mashuka si siasa." Alisema kwa upole, kama anavyosema na mteja anayetaka suruali ipanuliwe pasipo na kitambaa. "Mambo haya yana watu wake. Nipe mpaka kesho."

Binti alimtazama kidogo, akasimama. "Sawa, Baba. Kesho."

Jioni hiyo na asubuhi ya siku iliyofuata Balozi hakushona cha maana. Alisikiliza. Alirudi nyuma mpaka vipindi vya mwaka mzima uliopita, akaandika kwa chaki ya fundi mezani: upande huu wanaosema wanaondoka, upande ule wanaosema wanabaki. Vijana wa ughaibuni walisema wanaondoka, lakini walicheka wakati wa kusema. Mwanamke wa vyeo alisema inategemea. Profesa alisema vituo vidogo vya nyuma, vile ambavyo hakuna anayevitaja, ndivyo vya mwisho kuachwa, kwa sababu havina kelele, gharama wala aibu. Mji huu haukutajwa. Lakini Balozi alisimamisha hapo, akarudisha, akasikiliza tena. Kituo kidogo. Cha nyuma. Hakuna anayekitaja. Ungedhani profesa amekaa benchini.

Mwalimu aliingia akipapasa mlango kwa fimbo yake. Salamu yake ilikuwa ile ile ya miaka yote.

"Balozi, dunia inasemaje?"

"Dunia inasema wanabaki."

"Nani wanabaki?"

Balozi akamweleza habari nzima, hospitali, Ijumaa, na profesa. Mwalimu hakumkatiza mpaka mwisho. Mazoea ya nukta hayakuwa yamemtoka.

"Nani ameona?" akauliza.

"Ameona nini?"

"Nauliza kama zamani. Nani ameona?"

"Mwalimu, sasa hivi kuna watu wanaotazama kutoka juu kabisa. Huyu profesa ameshauri wakubwa."

"Mimi sioni hata kidole changu," akasema Mwalimu, "kwa hiyo sibishani na watazamaji wa juu." Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaondoka mapema kuliko kawaida.

Mchana binti alipopita, Balozi alikuwa tayari. Alimpa hotuba fupi, yenye askari wachache na mashine nyingi. Alimwambia atulie mahali pake. Alimwambia hata uzi wa kijani umebaki mwingi kwa sababu hiyo hiyo, mambo yanafanywa kisasa. Binti alisikiliza akiwa amesimama, mkoba begani.

"Una hakika, Baba?"

"Kama ninavyokuona."

"Basi nitampigia simu nimwambie ampe mwingine." Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Afadhali. Nilikuwa silali."

Ijumaa saa tisa ikapita kama saa tisa nyingine yoyote. Balozi alikuwa akitia zipu kwenye sketi ya shule.

Jumanne iliyofuata, kabla ya saa sita, mlango ulisukumwa na mfuko wa turubai. Ulijaa mpaka mdomoni, haukuwahi kujaa hivyo kwa miaka kumi. Balozi aliuona kwanza mfuko, moyo ukamruka kwa furaha. Nyuma ya mfuko akamwona binti yake akiusukuma kwa goti. Alikuwa na nguo za nyumbani. Wakati huo profesa alikuwa sikioni, katikati ya sentensi.

"Baba."

Balozi akainua kidole. "Subiri kidogo, mama. Anafika pazuri."

Binti akasubiri. Alisimama mbele ya meza mikono ikining'inia, akatazama zile ruwaza ukutani, suruali ya marehemu, manowari ya karani wa posta. Profesa alikohoa, akamaliza: hapana, hawataondoka, angalau si katika umri wetu. Balozi akatoa hedifoni na kupiga mfuko kofi la kirafiki.

"Umeona? Zamu mpya. Nimekwambia nini?"

"Karani amesema kwa kuwa napita kwako nikuletee." Sauti yake haikuwa na kitu. "Wanasema si za kushona. Ni za kufumua."

"Za kufumua?"

"Beji zote na majina yote. Nguo zitauzwa kwa mtumba, hawataki ziuzwe na alama zao. Wanazitaka Alhamisi. Ijumaa wanafunga."

Balozi alifungua mfuko kana kwamba ndani angekuta maelezo mengine. Zilikuwa nguo zilizofuliwa na kupigwa pasi vizuri, zimekunjwa kwa mikono inayojua kazi. Juu makoti. Chini yake mashati, mengine bado yana mishono yake ya mwaka ule wa mifuko minne. Aliutambua mshono wake kama mtu anavyotambua mwandiko. Chini kabisa zilikuwa ovaroli za bluu za dobi. Ya tatu ilikuwa na kiraka cha duara kwenye kiwiko cha kushoto. Kiraka hicho alikishona yeye, Jumapili, binti akimngoja na chai mkononi.

"Na kiinua mgongo?" akauliza.

"Wanasema mkataba wetu ulikuwa na kampuni ya usafi, si na wao. Kampuni ya usafi haipokei simu."

"Hospitali?"

"Nimetoka huko sasa hivi. Amepewa mwingine Jumamosi. Msimamizi ameniambia pole mpaka nikamwonea haya."

Hakulia, wala hakumlaumu. Balozi angependa amlaumu. Lawama mtu anaweza kuijibu. Alivuta kiti cha fundi wa pili, ambacho hakikuwa kimekaliwa kwa muda mrefu, akapangusa vumbi kwa kiganja, akakaa.

"Una wembe mwingine?"

"Acha, mama, nitafumua mwenyewe."

"Alhamisi hufiki peke yako. Nipe wembe."

Akampa. Wakaanza. Kufumua beji ni kazi ya subira: unakata uzi mmoja katika kila mishono mitatu, unageuza, unavuta uzi wa nyuma, beji inatoka nzima na kitambaa hakijeruhiwi. Binti aliijua tangu utotoni. Nyuzi za kijani zilirundikana sakafuni kati ya miguu yao. Alipofika kwenye ovaroli yenye kiraka alikata beji ya kambi na kuiweka kwenye rundo pamoja na nyingine, na kiraka akakiacha.

Mwalimu akaingia na fimbo yake.

"Balozi, dunia inasemaje?"

Simu ilikuwa mezani, uso juu, hedifoni zimejiviringisha pembeni. Wembe ukasimama.

"Muulize huyu," akasema. "Yeye ameona."

Mwalimu akageuza uso upande ambao hakuuona. Binti akasema alichoona, bila kuinua kichwa: mashine nne zimekatwa mabomba, majokofu ya jikoni yamefunguliwa milango ili yasinuke, orodha ya zamu ukutani imeishia katikati ya wiki, na askari mmoja aliyezoea kuwasalimia kila asubuhi alipita akiwa na mabegi mawili bila kugeuka, si kwa dharau, ila kama mtu anayetoka kwenye chumba cha hoteli. Mwalimu alingoja nukta.

"Tangu lini umeyaona haya?"

"Mengine tangu mwezi wa pili."

"Na ulisema?"

Wa kujibu hakuwa binti. "Alisema," Balozi akasema. "Alisema Jumatano."

Alhamisi walimaliza. Karani alichukua mfuko na kumwachia Balozi rundo la beji, kwa kuwa karatasi haikueleza zipelekwe wapi. Kambi ilifungwa siku iliyotajwa. Profesa aliizungumzia wiki tatu baadaye, kwa sentensi moja, kabla ya tangazo la magodoro, na jina la mji alilikosea. Alisema inathibitisha alichokuwa akikisema siku zote. Balozi alirudisha kipindi nyuma kutafuta ni lini alikisema, hakupaona.

Binti alikaa miezi mitano bila kazi, kisha akapata dobi ya hoteli ya barabara kuu, malipo kwa siku, siku ikiwa na wageni. Bado hupita dukani akitoka kazini. Humwamkia baba yake, humletea chai, humweleza habari za watoto, mmoja ana kikohozi, mwingine amefaulu hesabu. Habari za dunia hamuulizi tena.

Balozi hujitahidi. Akimwona mlangoni tu, huchomoa hedifoni zote mbili na kuziweka kando, huinua mguu kwenye kikanyagio, cherehani kinanyamaza.

"Haya, mama. Leo umeona nini?"

Wiki iliyopita hoteli ilikuwa imefukuza wafuaji wawili. Alikuwa amechoka, chai ilikuwa imemwagikia kidoleni.

"Nimeona mashuka, Baba," akasema. Akasogeza simu na hedifoni karibu na mkono wa baba yake mezani. "Vaa tu. Usije ukapitwa."

Balozi hakuvaa. Alikaa mguu ukiwa umeinuliwa juu ya kikanyagio mpaka binti akavuta kile kiti cha fundi wa pili, akakaa, akapuliza kidole. Kisha, baada ya muda, bila kuulizwa mara ya pili, akaanza kusema ni mashuka mangapi na ya vyumba gani.